Ukurasa wa Ada Usihame: Kutunza Kurasa za Tovuti ya Shule kwa WordPress

Chukua shule ya sekondari ya binafsi yenye tovuti iliyodumu miaka minne au mitano, kisha utafute humo ada ya mwaka huu. Usishangae ukikuta kurasa tatu: mmoja unaitwa "Ada", wa pili "Ada 2023", wa tatu "Ada na Michango Mpya". Kila mmoja una viwango vyake na hakuna uliofutwa. Mzazi aliyeko Tabora au Mtwara, aliyetumiwa kiungo kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, anafungua wa zamani, analipa kiasi cha zamani, halafu mhasibu anaanza kumpigia simu. Tovuti iliyojengwa ili kupunguza maswali ofisini sasa ndiyo inayoyazalisha.

Mwalimu wa TEHAMA asilaumiwe peke yake. WordPress, mfumo unaoendesha zaidi ya tovuti nne katika kila kumi duniani, umerahisisha mno kuongeza ukurasa mpya: unabonyeza, unaandika, unachapisha. Kuutunza uliokwisha kuwepo ndiko kunakotaka utaratibu, na utaratibu wenyewe unasemeka kwa maneno machache. Anwani ya ukurasa ibaki ileile mwaka hadi mwaka. Kinachobadilika ni maandishi yaliyomo. Karibu kila nitakachoeleza hapa ni namna ya kulinda jambo hilo.

Kwanza tutenganishe ukurasa na posti. WordPress ilipotoka mwaka 2003 ilikuwa ya watu wanaoandika mambo ya kila siku, na kila kilichoandikwa kilipangwa kwa tarehe, kipya juu, cha zamani chini. Kurasa zisizofuata tarehe ziliingia na toleo la 1.5, mwaka 2005. Tofauti hiyo ingali pale upande wa kushoto wa dashibodi: "Posts" na "Pages". Habari ya mahafali ya kidato cha nne, ushindi wa timu ya mpira wa pete, tangazo la kufunga shule, hizo ni posti. Zina siku yake na ikipita imepita. Ada, fomu ya kujiunga, sare, mawasiliano na historia ya shule ni kurasa. Jiulize tu kama mtu atakitafuta kitu hicho mwakani pia. Tangazo kwamba ada imebadilika ni posti, ada yenyewe ni ukurasa, na posti iwe na kiungo cha kumpeleka msomaji huko. Usinakili viwango ndani ya posti, maana siku utakayovirekebisha utasahau kwamba viliandikwa na kwingine.

Sasa kaa na orodha. Fungua "Pages", bonyeza "Screen Options" juu kulia, na uongeze idadi ya kurasa zinazoonyeshwa kutoka 20 hadi 100 ili uzione zote kwa pamoja. Zinakili kwenye Excel au hata kwenye daftari: anwani ya kila ukurasa, mara ya mwisho uliguswa lini, na nani pale shuleni mwenye habari zake. Hilo la tatu ndilo lenye uzito. Ukurasa wa ada ni wa mhasibu. Wa fomu ni wa makamu mkuu wa shule au mwalimu wa taaluma. Wa bweni ni wa matroni. Mwalimu wa TEHAMA anajua kubonyeza, lakini hawezi kujua kwamba mwaka huu godoro linalotakiwa ni la futi mbili na nusu kwa sita, wala kwamba ndoo moja imeongezwa. Ukurasa usio na mwenyewe ndio unaokaa miaka mitatu na namba ya simu ya mtu aliyekwisha kustaafu.

Kwenye orodha hiyo utakuta mabaki. Kuna "Sample Page", ukurasa wa mfano ambao WordPress hujiwekea siku ya kusimikwa, uondoe. Utakuta pia anwani zinazoishia na namba, ada-2, ada-3. Namba hizo hakuziandika mtu. Kurasa mbili za ngazi moja haziruhusiwi kushika anwani moja, kwa hiyo unaokuja baadaye unaongezewa namba. Jambo ambalo huwachanganya hata wazoefu ni kwamba picha nayo inaweza kushika anwani. Ukipakia picha iitwayo ada.jpg kabla ya kutengeneza ukurasa wa ada, ukurasa unaweza kujikuta ni ada-2 wakati "ada" nyingine huioni popote. Itafute picha hiyo kwenye maktaba ya picha, ifute kama haina kazi au ubadili anwani yake, ndipo urudi kuurekebisha ukurasa.

Ukikuta kurasa tatu za ada, chagua mmoja ubaki. Uzuri wa mpangilio usikudanganye, huo unatengenezeka. Chagua ule ambao anwani yake imeshasambaa: iliyochapwa kwenye fomu, iliyotumwa kwenye makundi, inayotokea Google mtu akiandika jina la shule na neno ada. Kama unaanza upya, iwe fupi na isiyo na mwaka, kwa mfano /ada/ au /kujiunga/, na mwaka ukae kwenye kichwa cha habari: "Ada ya Mwaka 2026". Ukishachapisha ukurasa, kubadili kichwa chake hakugusi anwani. Hivyo kila Novemba unabadili kichwa na viwango, na kiungo alichohifadhi mzazi tangu mwaka juzi kinaendelea kumfikisha panapostahili. Shule yenye kidato cha tano iwe na zamu ya pili, kabla wanafunzi hao hawajaanza kuripoti.

Hapa pana mtego. Ukibadili anwani ya posti, WordPress hukumbuka ya zamani na kumpeleka msomaji kwenye mpya bila yeye kujua. Kwa kurasa haifanyi hivyo. Mara nyingine hubahatisha, ikiona anwani mpya inaanza kwa maneno yaleyale, lakini usiitegemee bahati hiyo. Geuza /ada-2023/ iwe /malipo/, na kila mwenye kiungo cha zamani ataambiwa ukurasa haupatikani. Ukilazimika kubadili anwani, au unapoziunganisha kurasa tatu kuwa mmoja, weka uelekezaji wa kudumu, ule unaojulikana kwa namba 301. Plagini ya bure iitwayo Redirection inatosha kabisa: unaandika anwani ya zamani, unaandika mpya, unahifadhi. Kisha andika ile ya zamani mwenyewe kwenye kivinjari uone inakupeleka wapi. Ukiridhika, ndipo kurasa zilizozidi uzitupe. Zitakaa kwenye "Trash" siku 30 kabla ya kufutwa kabisa, muda wa kutosha kwa mhasibu kukumbuka kwamba kulikuwa na namba ya akaunti ya benki kwenye mmojawapo.

Fomu ya kujiunga ina tatizo lake la pekee, nalo ni PDF. Kawaida mtu hupakia PDF halafu akasambaza kiungo cha faili lenyewe. Kitazame vizuri kiungo hicho: ndani yake kuna uploads/2024/11/ kisha jina la faili. Mwaka na mwezi wa kupakia umo ndani ya anwani. Mwakani ukipakia fomu mpya, hata kwa jina lilelile, itaingia folda nyingine. Ukiipakia ndani ya mwezi uleule iliyopakiwa ile ya kwanza, itaongezewa -1 mwishoni. Ile ya zamani haiondoki. Inabaki hewani na Google inaijua, na mzazi ataijaza kwa moyo mmoja akidhani ndiyo. Kwa hiyo kinachosambazwa kiwe kiungo cha ukurasa ambao fomu imo ndani yake, na faili la mwaka uliopita lifutwe kwenye maktaba. Kama viungo vya faili vimeshatapakaa, kuna plagini iitwayo Enable Media Replace inayoweka faili jipya mahali pa lile la zamani bila kugusa anwani.

Mimi ningeenda mbali zaidi. Orodha ya mahitaji iandikwe kama maandishi ya kawaida ndani ya ukurasa, PDF iwekwe chini kwa anayetaka kuichapa na kuigonga mhuri. Fomu nyingi ni karatasi zilizoskaniwa, picha tupu za megabaiti kadhaa. Mzazi mwenye bando la siku analipia kuipakua, halafu anaikuza na kuivuta kushoto na kulia akitafuta idadi ya mashuka. Maandishi ya kawaida hufunguka upesi, Google huyasoma, na likibadilika jambo moja hulazimiki kuandaa faili zima upya.

Kurasa zinaweza kupangwa kwa uzazi, mmoja ukawa mzazi na mwingine mtoto. Ukurasa "Kujiunga" ukiwa mzazi, chini yake ukaweka "Kidato cha Kwanza" na "Kidato cha Tano", anwani ya mtoto inakuwa /kujiunga/kidato-cha-tano/. Mpangilio huu ni mzuri, ila uamue mapema, kwa sababu kumbadilishia mtoto mzazi kunabadili na anwani yake, na umeshaona kinachofuata. Ngazi mbili zinatosha shule yoyote. Uzazi huu pia usiuchanganye na menyu. Menyu ni orodha ya viungo tu. Ukurasa ulioondolewa kwenye menyu bado uko mtandaoni na bado utatafutwa na kupatikana. Na kinyume chake hutokea: baadhi ya thimu mpya, zisipopewa menyu, huonyesha kila ukurasa uliochapishwa, hata ule wa majaribio uliouita "test". Kama jambo halitakiwi kuonekana, liache kwenye rasimu.

Kwenye rasimu yenyewe kuna la kuangalia. Ukurasa ambao bado haujachapishwa unaweza kuuhifadhi kama rasimu hata mara mia, hakuna atakayeuona. Uliochapishwa hauna nafasi hiyo. Kila ukibonyeza kitufe cha kuhifadhi, mabadiliko yanakwenda hewani papo hapo, na ukibonyeza kile cha kuurudisha kwenye rasimu ili "uendelee kesho", unakuwa umeuondoa ukurasa mzima mtandaoni mpaka kesho hiyo. Kwa marekebisho madogo si neno. Kwa ukurasa wa ada unaosubiri kikao cha bodi, tumia Yoast Duplicate Post, plagini inayotengeneza nakala ya ukurasa, unaifanyia kazi taratibu, mhasibu na mkuu wanaisoma, kisha kwa kitufe kimoja maandishi mapya yanaingia kwenye anwani ya zamani.

Unaweza pia kupanga ukurasa mpya utoke wenyewe siku na saa fulani. Kabla hujaamini saa hiyo, ingia "Settings", halafu "General", uangalie majira. WordPress mara nyingi husimikwa ikiwa na saa za UTC, ambazo ziko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Ukipanga fomu zitoke 8:00, ukiwa na maana ya saa mbili asubuhi, zitatoka saa tano, na simu ya shule itakuwa imeita asubuhi nzima. Chagua Dar es Salaam au Nairobi kwenye orodha, uhifadhi. Kumbuka pia kwamba WordPress huamka kufanya kazi ya ratiba pale mtu anapoitembelea tovuti. Kwenye tovuti isiyo na wageni wengi, kilichopangwa saa mbili kinaweza kuchelewa mpaka mgeni wa kwanza apite.

Makosa yakitokea, na yatatokea, kimbilio la kwanza ni kumbukumbu za matoleo, "Revisions". Tuseme mhasibu alikuwa anafuta safu moja ya jedwali, akafuta jedwali zima, akahifadhi na kwenda chakula cha mchana. Fungua ukurasa huo, na kwenye paneli ya kulia bonyeza "Revisions". Utaona matoleo ya ukurasa yamepangwa kwa tarehe, saa na jina la aliyehifadhi. Rudi nyuma toleo moja moja: kilichoondolewa kinaonyeshwa kwa rangi nyekundu, kilichoongezwa kwa kijani. Likionekana lile lenye jedwali, lirudishe. Hata toleo bovu halipotei, linabaki kwenye kumbukumbu, kwa hiyo usiogope kujaribu. Ukifungua ukurasa ambao mwenzako anaurekebisha wakati huohuo, WordPress itakuonya na kukutajia jina lake. Usimnyang'anye. Mpigie simu.

Lakini jina hilo litakuwa na maana tu kama kila mtu anaingia kwa akaunti yake. Nywila moja ya msimamizi mkuu inayozunguka kuanzia kwa katibu muhtasi hadi kwa mwalimu wa mazoezi ni hatari, na inafuta ushahidi wote wa nani alifanya nini. WordPress ina ngazi za watumiaji. Msimamizi, "Administrator", anaweza kila kitu, pamoja na kuivunja tovuti; wawe wawili, asipopatikana mmoja yupo mwingine. Mhariri, "Editor", anaweza kurekebisha kurasa na posti zote bila kugusa plagini wala thimu. Ngazi hii ndiyo inayomfaa mhasibu na mwalimu wa taaluma. "Author" anaandika na kuchapisha posti zake tu, kurasa hazigusi, kwa hiyo ni ngazi nzuri kwa mwanafunzi wa klabu ya habari anayeripoti michezo.

Mwalimu akihama, usikimbilie kumfuta. Ukimfuta mtumiaji mwenye kurasa, WordPress itakuuliza: maandishi yake yafutwe, au akabidhiwe mwingine? Chagua kumkabidhi mwingine. Swali hilo linaonekana dogo na watu hulipita haraka, kumbe ukurasa wa ada ulitengenezwa na mwalimu huyo miaka minne iliyopita na bado uko kwa jina lake. Njia salama zaidi ni kumbadilishia nywila na kumshusha ngazi, kisha ukabidhi kurasa zake kwa utulivu. Barua pepe ya msimamizi nayo iwe ya ofisi, isiwe ya mtu binafsi anayeondoka nayo.

Kuna vitu ambavyo havifai kuwa kwenye ukurasa kabisa. Orodha ya majina ya wanafunzi na wanaodaiwa ada ni mojawapo, hata kama bodi imekasirika. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za watoto si za kuchezea. Wengine hudhani kuuwekea ukurasa nywila kunatosha. Nywila hiyo huficha maandishi ya ukurasa peke yake. PDF au picha uliyoiweka ndani yake ina anwani yake yenyewe, na yeyote mwenye anwani hiyo anaifungua bila kuulizwa neno la siri. Matokeo ya mtihani wa ndani yapelekwe kwa mzazi husika kwa njia nyingine.

Kuhusu nakala za akiba nitasema kidogo. Maandishi ya kurasa hukaa kwenye hifadhidata, picha na PDF hukaa kwenye folda. Nakala isiyo na vyote viwili ni nusu. UpdraftPlus inaweza kuvichukua vyote na kuvipeleka Google Drive kila wiki. Nakala inayokaa kwenye seva ileile ya tovuti haikusaidii siku seva ikifa au malipo ya hosti yakisahaulika.

Umesharekebisha, umehifadhi, ukurasa unang'aa kwenye kompyuta ya ofisi. Usifunge bado. Chukua simu, ikiwezekana ya bei ya chini, yenye kioo kidogo, maana wazazi wengi wataufungulia kwenye simu kama hiyo. Jedwali la ada lenye safu saba, kuanzia muhula hadi usafiri, litatoka nje ya kioo na jumla haitaonekana. Ligawe: jedwali dogo kwa kila kidato, safu mbili tu, jina la malipo na kiasi, na jumla mstari wa chini. Namba ya simu ya mhasibu iwe kiungo kinachopiga ukiigusa.

Mwisho mtumie mtu wa nje kiungo hicho, mtu ambaye hajawahi kuingia kwenye dashibodi. Wewe uliyeingia kwa kawaida huonyeshwa ukurasa mpya, lakini wageni wanaweza kuwa wanapewa kache, yaani nakala iliyotengenezwa tayari ili tovuti ifunguke haraka. Akikwambia anaona ada ya mwaka jana, usianze kurekebisha upya ukurasa ambao hauna kosa. Safisha kache kwenye plagini inayoitunza, na kama hosti nao wana kache yao, isafishe na hiyo, kisha umwombe aufungue tena.